Bon ya matunzo inaishia wapi?

Mwenye kufanya kazi kwenye kampuni hapa Kisangani anajua ile karatasi tunaita bon. Mtoto akipata malaria, patroni anatia saini, kliniki yenye mapatano naye inamtunza, na mwisho wa mwezi fakitire inaenda kwa kampuni. Hapo hakuna matata. Matata inaanza siku muganga anasema: huyu apelekwe kwa spesialisti wa moyo, ao wa figo. Mara nyingi jibu la patroni linakuwa avansi, yenye itakatwa kwenye mushahara.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 haisemi hivyo. Kifungu cha 178 kinamlazimisha patroni kutunza mfanyakazi na familia yake mpaka mwisho wa kontrakti: muganga, meno, upasuaji, dawa, kulazwa hospitali. Hata miwani imo, muganga akiiandika (meno ya bandia ndiyo haimo). Kifungu hicho hakitenganishi ugonjwa wa bei ndogo na wa bei kubwa. Basi mwenye kukatwa mushahara juu ya upasuaji analipa deni ambalo sheria imemwekea patroni.

Wengi wanazani CNSS ndiyo itasaidia. Hapana. Kazi yake ni pensheni, posho ya familia, na ajali ao magonjwa yanayotokana na kazi. Figo ya bibi yako haimo.

Tumuelewe patroni pia. Kansa ya mtu mmoja inaweza kumeza faida yote ya biashara ndogo. Kampuni kubwa ziko na njia zao: PHC kule Lokutu, teritware ya Basoko, iko na hospitali yake yenyewe. Wengine wananunua bima, tangu sheria ya 2015 ilivunja monopoli ya SONAS. Lakini bima iko na plafo, na kifungu cha 178 hakitaji plafo. Ikiisha katikati ya matunzo, kwa maoni yangu kinachobaki ni cha patroni. Na kliniki ya mapatano, nani anaichagua? Kampuni, mara nyingi kwa kuangalia bei. Mgonjwa haulizwi kama alitunzwa vizuri.

Halafu kuna Kinshasa. Kwa mto ni zaidi ya kilometa 1,700, na vipimo vingine lazima kuvifuata kule. Sheria inataja gharama ya safari kwa mgonjwa asiyeweza kujisogeza. Tiketi ya ndege imo? Hapo ndipo mabishano. Afazali wajumbe wa sendika waiandikishe kwenye mapatano na kampuni wakati watu wote wako wazima.

Nanyi wa kibarua, musijitoe. Ukishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, patroni akikuchukua tena kabla miezi hiyo kuisha, kifungu cha 40 kinahesabu kontrakti yako kuwa isiyo na mwisho. Na matunzo yanafuata kontrakti.

Mukishindwa kuelewana, muanzie kwa inspekta wa kazi. Tribinali haitapokea kesi ya mtu mmoja bila kupitia kwake. Muende na kopi ya bon, fakitire, na karatasi za mushahara zenye kuonyesha makato.