Jiwe Lina Jina, Mchimbaji Hana

Mwaka 1623, miaka saba baada ya Shakespeare kufariki, tamthilia zake zilikusanywa London katika kitabu kimoja kikubwa. Mwanzoni mwa kitabu hicho iliwekwa sura ya mtunzi, iliyochongwa kwenye bamba la shaba na Martin Droeshout, mzawa wa London kutoka ukoo wa wahamiaji wa Brussels. Tangu hapo Droeshout amekuwa mtu wa kuchekwa. Wahakiki wamesema kichwa ni kikubwa mno kwa mabega yaliyokibeba, na kwamba koti lile hakuna fundi cherehani angekubali kuwa amelishona yeye. Hata Ben Jonson, katika beti zilizochapwa kuielekea picha hiyo, alimshauri msomaji asiitazame picha bali kitabu.

Yote hayo yamesemwa, na huenda yote ni haki. Lakini chini ya picha, pembeni, kuna maandishi madogo: jina la Martin Droeshout, kisha neno la Kilatini *sculpsit*, yaani “alichonga”, kisha jina la mji wake. Kwa sababu ya maandishi hayo, mchongaji asiyesifika sana bado anajulikana baada ya miaka mia nne. Katika ukoo ule walikuwamo Martin wawili, ami na mtoto wa ndugu yake, na wataalamu wamebishana muda mrefu ni yupi kati yao. Zimepatikana pia kazi zilizotiwa jina hilo Madrid, za miaka ya 1630. Ubishi huo wote umepata pa kuanzia kwa kuwa fundi aliacha jina. Asiyeacha jina habishaniwi, husahauliwa tu.

Hapo ndipo penye hoja. Jina chini ya kazi si tuzo ya uzuri. Jina ni dhamana. Aliyeliandika amesema: lawama ni yangu, na sifa, ikiwapo, ni yangu. Washairi wa Kiswahili wanalijua jambo hili tangu kale. Mtunzi wa utenzi akikaribia kaditama hujitaja jina, na mara nyingine nasaba, mji na tarehe, ili msomaji ajue wa kumwombea dua na wa kumdai kosa la vina.

Basi na itazamwe sasa Mwadui, huko Shinyanga.

Mwaka 1940 Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, aliipata hapo hazina ya almasi aliyoitafuta kwa miaka. Mgodi ukaitwa kwa jina lake. Oktoba 1947 likatoka humo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, na Williamson akalitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyeolewa Novemba ya mwaka huo. Mwaka 1948 lilikatwa London katika karakana ya Briefel na Lemer, likabaki karati 23.6, zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda na mkato. Mwaka 1953 Frederick Mew wa nyumba ya Cartier alibuni ua la almasi, na jiwe la Mwadui likawa kitovu chake.

Msomaji ahesabu majina. Mwenye mgodi anajulikana. Aliyepewa anajulikana. Waliokata wanajulikana, na aliyebuni ua anajulikana. Katika masimulizi yanayosomwa zaidi juu ya jiwe hilo, asiyetajwa ni mmoja: yule ambaye macho yake yaliliona kwanza miongoni mwa kokoto. Sentensi husema tu kwamba almasi “ilipatikana”, kana kwamba ilipanda juu yenyewe na kubisha hodi ofisini.

Asije mtu akasema hayo yalikuwa ya zama za ukoloni na yamekwisha. Oktoba 2022, almasi nyingine ya waridi yenye karati 11.15, iliyokatwa kutokana na jiwe la mgodi huo huo, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57 za Marekani. Ilikwisha kupewa jina, na ndani ya jina hilo aliwekwa tena Williamson, aliyefariki mwaka 1958. Maiti alikumbukwa kwa mara nyingine. Mchimbaji aliye hai hakukumbukwa hata mara moja.

Wako watakaojibu kwamba mchimbaji alilipwa ujira wake, na ujira ndio haki yake. Jibu hilo halisimami. Droeshout naye alilipwa. Mew alilipwa. Christopher Ironside, Mwingereza aliyebuni sarafu za kwanza za Tanzania mwaka 1966, zilizobeba uso wa Mwalimu Nyerere, alilipwa vilevile. Ujira haukumfutia hata mmoja wao jina. Kwa nini basi umfutie yule wa Mwadui?

Wengine watasema mikono ilikuwa mingi: wa kuchimba, wa kuchekecha, wa kuchambua, hawezi kutajwa mmoja. Kama mikono ilikuwa mingi, na iandikwe kuwa ilikuwa mingi, na kazi ya kila mkono itajwe. Wingi wa watu haujawahi kuwa sababu ya kuandika kwamba hapakuwa na mtu. Wala asidhani mtu kwamba huko jina halina thamani. Makundi mawili makuu ya ngoma ya Wasukuma, Bagika na Bagalu, yanabeba hadi leo kumbukumbu ya Ngika na Gumha, waganga na magwiji wa ngoma wa karne ya 19. Nchi inayoweka majina ya wacheza ngoma wake kwa zaidi ya karne moja ingeweza kuweka la mchimbaji, lau angeulizwa mtu.

Jibu la tatu ndilo hatari zaidi, kwa kuwa linatoka pwani na limevaa kilemba cha adabu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza, fundi wa kweli hajitangazi. Ni kweli chema hujiuza. Almasi ya Mwadui imejiuza vizuri sana. Suala ni nani aliyekuwa mlangoni kupokea thamani.

Na pwani haina haki ya kuwanyoshea wengine kidole. Milango ya Zanzibar husifiwa dunia nzima. Wageni huipiga picha na kusoma aya zilizochongwa juu yake, na mara nyingi hutajwa tajiri aliyekaa nyuma ya mlango. Jina la fundi wa nakshi ni nadra kusikika. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangepotea kwa wingi lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kumpatia Mwingereza W. E. Taylor. Yalipotoka katika *Diwani ya Muyaka*, kwa uhariri wa William Hichens, ulikuwa mwaka 1940, mwaka ule ule Williamson alipoipata Mwadui. Wako wanaomkariri Muyaka kwa ghibu usiku kucha. Ni wangapi kati yao watamtaja Sikujua kabla ya alfajiri? Yeye naye alikuwa mchimbaji: alichekecha vifua vya wazee, akatoa vito. Na hata leo, tafsiri ngapi zinatolewa ambazo jalada linamtaja mtunzi wa ng'ambo pekee, na mfasiri, aliyebeba kila neno kwa mikono yake, kafichwa ndani kwa herufi za chungu?

Hakuna anayedai lisilowezekana. Yule wa 1947 huenda asipatikane tena. Lakini maandishi yanaweza kusema kweli. Popote jiwe la Mwadui linapoelezwa, kitabuni, katika makumbusho au kwenye orodha ya mnada, na iandikwe hivi: “Lilichimbwa Mwadui na mfanyakazi ambaye jina lake halikuandikwa.” Maneno hayo ni machache, hayagharimu hata punje ya karati, na yana nguvu ambayo neno “ilipatikana” halina: yanakiri kwamba mtu alikuwapo. Na kwa mawe yatakayotoka kesho, daftari la mgodi lina nafasi ya kutosha kwa jina moja zaidi.

Mchongaji aliyechekwa kwa karne nne alipewa upembe wa bamba wa kuandika “alichonga”. Mchimbaji wa Mwadui anastahili upembe kama huo wa kuandikiwa “alichimba”.