Kalemie: kukosa muhuri wa kutoka si ushahidi wa kosa

Mkaaji wa Kalemie anavuka ziwa kutembelea ndugu zake Kigoma. Siku ya kurudi boti linaondoka usiku, biro ya uhamiaji imefungwa, anapanda bila kugongewa muhuri wa kutoka. Akivuka tena mwaka unaofuata anaweza kuambiwa: wewe ulizidisha siku zako Tanzania. Alizidishaje, na mihogo yake alivuna huku?

Wengi hapo hunyamaza na kutia mkono mfukoni. Wasifanye hivyo. Karatasi iliyokosekana inaonyesha tu kwamba karatasi haipo. Hata Marekani, wasiocheza na viza, msafiri aliyesahau kurudisha kadi ya I-94 aliruhusiwa kutuma pasi ya kupandia ndege, muhuri wa kuingia nchi nyingine, hata karatasi ya mshahara. Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Muhuri wa DGM wa kuingia Kalemie ungetosha kumaliza maneno.

Basi anayeshuka bandarini aombe muhuri huo siku ileile, atunze risiti ya boti, apige picha ukurasa.

Na jamaa waliokimbia vita, ambao pasipoti na risiti ziliungua pamoja na nyumba? Barua ya chefu, kadi ya kambi, kadi ya mtoto ya chanjo: hizo nazo zinasema mtu alikuwa wapi. Zipokelewe. Na biro za kando zote mbili zifungue dirisha saa maboti yanapoondoka.