Kamera Yako Isikufanye Muongo



Mwaka juzi nilipeleka buibui Wete kwa mteja aliyeliona kwenye picha tu. Lilipofika akanipigia simu: "Dada, mimi nilitaka la kijivu, hili mbona jeusi tititi?" Nikamwambia sijawahi kushona la kijivu. Nilipoifungua picha yangu mwenyewe, kweli, kijivu! Nikamrejeshea pesa zake, na gharama za boti nikabeba mimi. Pesa zilirudi, lakini kuonekana muongo kuliniuma zaidi.

Sikughushi kitu. Niliacha kamera kwenye oto, nikadhani inajua. Haijui. Mita yake hupima mwanga ikichukulia kuwa kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Buibui jeusi likijaza picha, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na weusi unageuka kijivu. Shela jeupe la bi harusi nalo inaliona limezidi mwanga, inapunguza, na shela linatoka kama limefubaa kwa kufuliwa.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya +/−. Kwa nguo nyeusi, rudisha mpaka −1, yaani mwanga nusu ya ule kamera iliotaka. Kwa nyeupe, panda mpaka +1, mara mbili yake. Kisha ishike nguo mkononi, uilinganishe na picha.

Jambo la pili ni tundu la lenzi. Namba zake zinatuchanganya wengi, kwa sababu namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Fikiria kitambaa: kipande cha moja ya nane ni kidogo kuliko nusu. Ndivyo ilivyo hapa. Lenzi ya milimita 50 ikiwa f/2, tundu lina upana wa milimita 25. Ikiwa f/8, ni milimita 6 na kidogo. Na ukitoka f/4 kwenda f/5.6, mwanga unaoingia unapungua nusu.

Siku hizi kila muuza nguo anataka f/1.8, nyuma kufifie, picha ionekane ya kitaalamu. Inapendeza, sikatai. Lakini kwa tundu kubwa hivyo, ukipiga kwa karibu, nakshi ya kifuani inaonekana vizuri na ya mikononi inapotea. Mteja analipia nakshi zote, basi aone zote. Mimi napiga f/8. Mwanga ukiwa mdogo, naweka kamera kwenye stendi na kupunguza kasi, maana sanamu la nguo halitikisiki. Nikipandisha ISO sana badala yake, picha inajaa chembechembe na kitambaa laini kinaonekana kikavu.

Wako watakaosema haya ni ya mafundi wa picha, sisi tuna programu za simu za kung'arisha. Ndiyo, zinang'arisha, lakini anayenunua havai picha. Sisi tunaouza mtandaoni hatuna mizani dukani, ila tuna kamera. Muuza mchele akipunja kibaba tunajua ni dhambi. Aliyekosea bila kujua ana udhuru, lakini mimi baada ya simu ile ya Wete sina udhuru tena. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, huna pia.

Basi kesho asubuhi toa buibui lako jeusi barazani, kivulini. Weka kamera kwenye A au Av, chagua f/8, piga moja kwenye 0 na nyingine kwenye −1. Ile inayofanana na nguo iliyo mkononi mwako, hiyo ndiyo ya kumpelekea mteja.