Mzozo wa Rivers wafichua nyufa za mfumo wa shirikisho Nigeria

HATUA ya Rais Bola Tinubu wa Nigeria kumsimamisha kazi Gavana Siminalayi Fubara wa jimbo la Rivers, mnamo Machi 18, 2025, iliibua upya swali ambalo limelisumbua taifa hilo kwa miaka mingi: mamlaka ya serikali kuu jijini Abuja yanakomea wapi, na ya majimbo 36 yanaanzia wapi?

Bw Fubara, naibu wake na wabunge wa jimbo hilo lenye utajiri wa mafuta walisimamishwa kwa miezi sita. Usimamizi ulikabidhiwa mkuu wa zamani wa jeshi la wanamaji, Ibok-Ete Ibas. Rais alitaja mvutano wa kisiasa uliokuwa umelemaza jimbo hilo pamoja na uharibifu wa mabomba ya mafuta. Gavana alirejea ofisini Septemba mwaka uo huo.

Kifungu cha 305 cha Katiba ya 1999 kinampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari. Hata hivyo, hakitaji popote kuondolewa kwa gavana aliyechaguliwa na wananchi. Mnamo 2004, Rais Olusegun Obasanjo alimsimamisha gavana wa Plateau. Mnamo 2013, Rais Goodluck Jonathan alitangaza hali ya hatari katika majimbo ya Borno, Yobe na Adamawa, lakini magavana wakabaki afisini. Katiba ni ile ile. Kilichobadilika ni aliyeketi Ikulu.

Kinaya ni kwamba Bw Tinubu mwenyewe aliwahi kuonja shubiri ya Abuja. Alipokuwa gavana wa Lagos, serikali kuu ilizuia fedha za serikali za mitaa za jimbo hilo mnamo 2004, baada ya Lagos kuunda serikali mpya za mitaa 37. Alikwenda katika Mahakama ya Juu, nayo ikaamua kuwa Rais hana mamlaka ya kuzuia fedha hizo. Miaka 21 baadaye, mtetezi huyo wa majimbo ndiye aliyemfungia gavana mlango. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Kwa Wakenya, suala hili si geni. Kifungu cha 192 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu Rais kusimamisha serikali ya kaunti, lakini, isipokuwa katika dharura itokanayo na mzozo wa ndani au vita, baada tu ya tume huru kuchunguza na Seneti kuidhinisha, na kwa muda usiozidi siku 90. Mnamo 2015, Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuvunja serikali ya Makueni ingawa tume ilikuwa imependekeza hivyo.

Ugavi wa madaraka hauwezi kutegemea hisani ya kiongozi. Mahali ambapo sheria imenyamaza, mwenye nguvu ndiye husema, na kura ya mwananchi wa jimboni hubaki bila mlinzi.