Denti wawili tu, wametosha!

Wiki hii siongelei mapenzi wala mitindo ya nywele. Nataka tupande gari pamoja, na wala siyo teksi. Ni daladala ya Makumbusho kwenda Temeke.

Utaniuliza, kwa nini hiyo na siyo ya Posta? Jibu ni rahisi. Gari hili mjini halikanyagi kabisa. Linaupita mji kwa nyuma: Mwenge, Mlimani City, Ubungo, kisha linaingia Barabara ya Mandela na kuitambaa hadi Buguruni, Tazara, Vetenari, na hatimaye Temeke kwenyewe. Zamani karibu kila ruti iliishia mjini kwa kuwa kazi zilikuwa mjini. Siku hizi kuna mtu analala Buguruni, kibarua chake kiko Mwenge, na mwezi unakatika hajaliona sanamu la Askari. Mji wake yeye ni Mandela.

Kwa wale mliozaliwa juzi, jina daladala limetokana na dala, yaani ile sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli enzi hizo. Mabasi yalikuwa ya UDA, abiria wakawa wengi kuliko mabasi, watu wakaanza kupakia kwa wizi, na mwaka 1983 serikali ikaona isiwe taabu, ikaruhusu magari ya watu binafsi. Dala imekufa, jina limebaki.

Basi bwana, pale Makumbusho mpiga debe anakuambia gari linaondoka sasa hivi. Wewe unaingia, unakaa, unapigwa na joto robo saa nzima. Gari halitoki mpaka lijae, na likishajaa ndiyo kwanza konda anaanza kupakia. "Rudi nyuma kaka, nyuma kweupe!" Ukigeuka huko nyuma unakuta vichwa vitupu, weupe wenyewe huuoni.

Abiria wa ruti hii nawajua kwa mafungu. Kuna braza anayeongea na simu kwa sauti ya kutangazia mpira, anadai yuko Kigamboni wakati sote tunaiona Mlimani City dirishani. Kuna sista aliyevaa akapendeza, anakaa nusu siti asichafuke. Kuna mama mwenye ndoo ya samaki, na hapo hakuna anayediriki kusema kitu, maana ukimjibu mama wa samaki umeyataka mwenyewe. Halafu kuna yule bwana ambaye konda akianza kugonga sarafu kiganjani tu, usingizi unamshika ghafla. Nauli ikishapita, anaamka na kuuliza tumefika wapi.

Tulipofika Ubungo nikakumbuka tulikotoka. Kabla ya Daraja la Kijazi kufunguliwa, Februari 2021, hapa ulikuwa unaweza kusoma gazeti lote, matangazo ya vifo na yote, gari halijasogea. Siku hizi tunapita chini au juu, tunayaangalia mabasi ya mwendokasi kwenye njia yao. Mwaka 2016 mwendokasi ulipoanza, daladala nyingi zikaondolewa Barabara ya Morogoro, zikatafutiwa ruti nyingine za pembezoni. Ndiyo maana huku nyuma ya mji pamechangamka.

Mandela ina wenyewe, nao ni malori. Ndiyo njia ya mizigo ya bandarini, mingine inakwenda Zambia, mingine Kongo. Suka wetu akawa anajipenyeza katikati ya mamende hayo kama panya kwenye ghala. Mzee mmoja akawa anasoma dua kwa sauti ya chini. Na mimi nikaitikia kimoyomoyo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa napaendea.

Kituo cha External, saa kumi na moja jioni, walisimama wanafunzi saba. Sketi na kaptula za bluu, mashati meupe ambayo jioni ile hayakuwa meupe tena. Konda akafungua mlango, akanyoosha vidole viwili. "Denti wawili tu! Wawili, wametosha!" Wakaingia wawili waliokuwa na mbavu za kusukumana. Wakabaki watano, na mbele yao binti wa miaka kama kumi na miwili, begi kubwa kuliko mgongo wake. "Shikamoo anko," alimwambia konda. "Naenda Temeke, nimesimama toka saa tisa." Konda akamjibu, "Panda la nyuma, liko tupu." La nyuma yetu lilikuwa lori la mafuta.

Ni rahisi kumwita konda katili, na watu mle ndani walimwita hivyo na zaidi. Lakini hebu tupige hesabu kama yeye. Nauli mpya za LATRA zilipoanza kutumika Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilikwenda kwenye shilingi 600 kwa mtu mzima. Mwanafunzi akabaki kwenye 200. Kwa hiyo kila denti aliyesimama mahali pa mtu mzima, konda anaona mia nne zimekwenda na maji. Denti kumi ni shilingi 4,000, na hiyo ni safari moja tu.

Na fedha ile siyo yake. Kuna hesabu ya tajiri, ambayo ni kiasi kile kile kila siku, mvua inyeshe, foleni ikae, shule zifunguliwe au zifungwe. Kuna mafuta. Kuna mpiga debe. Kuna faini za barabarani. Kinachobaki baada ya hapo ndicho suka na konda wanagawana, na kama hakijabaki, wanagawana njaa. Wengi wao hawana mkataba wala mshahara. Wakipungukiwa mara mbili mfululizo, kesho yake gari lina deiwaka mwingine. Kwa hiyo konda haoni mtoto pale. Anaona mia nne.

Lakini mtoto naye ana hesabu yake. Tangu saa tisa amesimama. Akifika Temeke giza limeingia, na madaftari yanamsubiri. Tena kuna jambo tunalolijua wote ila tunalisemea pembeni: pale kituoni huwa hakosekani mtu mzima mwenye pikipiki na roho nzuri ya ghafla. "Njoo nikupe lifti, binti." Leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa wazazi wanaitwa shuleni. Mia nne ya konda hugeuka deni ambalo anakuja kulilipa binti peke yake.

Turudi ndani ya gari. Braza wa simu, nimsifu hapa, alitoa buku mbili. "Konda, nawajazia hiyo tofauti, wapandishe wote." Nikaona shujaa kapatikana. Mama wa samaki akamkata kalma. "Rudisha hela yako mwanangu. Nauli yao ni mia mbili, basi ni mia mbili. Ukilipa wewe leo, kesho huyu atawauliza watoto, yuko wapi wa kuwajazia?" Gari zima kimya. Kisha akamgeukia konda: "Na wewe baba, una watoto? Wanakwenda shule na ndege?"

Hapo kelele zikaanza kila siti. Wapandishe! Wapandishe! Yule bwana wa usingizi naye kaamka, anapiga bati. Konda akalegea. Binti mwenye begi akaingia na wenzake wawili, begi likapokewa na sista aliyependeza, likakaa juu ya lile gauni bila neno. Walipobaki wawili suka akakanyaga moto. Niliwaona kwenye kioo cha nyuma, mmoja bado kanyoosha mkono. Hivyo ushindi wetu ulikuwa wa watatu kwa wawili.

Msomaji wangu, wewe na mimi nauli hatupangi. Ila mwenye gari anapanga hesabu. Kama wewe ni tajiri, au tajiri ni baba yako, mjomba wako au shemeji yako, mfikishie ujumbe: punguza hesabu siku za shule. Siku hizo gari lako linabeba watoto asubuhi na jioni kwa mia mbili, unalijua hilo, sasa kwa nini hasara aibebe konda, naye amtupie mtoto? Ukipunguza, mtoto anakuwa abiria, siyo mkosi.

Na wewe mwenzangu uliyekaa dirishani na visikizio masikioni, konda haogopi tangazo lililobandikwa mlangoni. Anaogopa abiria wakiungana. Mmoja akisema anaitwa mjuaji. Kumi wakisema, mlango unafunguliwa. Vitoe hivyo visikizio, pokea begi la mtoto, bana miguu, kisha paza sauti.

Mimi nilishukia Vetenari, shati limeshika harufu ya samaki. Haidhuru. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.