Mgeni Njoo, Mwenyeji Bado Hajapona

Mjomba wa mume wangu alipoketi kwenye ukingo wa kitanda, godoro lilididimia upande wake nami nikateleza kumfuata. Si mbali, labda upana wa kiganja. Lakini mshono ulivuta, nikauma pindo la khanga nisije nikapiga kelele mbele ya wakwe. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Asubuhi ya siku hiyohiyo, saa tatu, nilikuwa mezani nimefunguliwa tumbo. Miguu ilikuwa bado mizito kwa ganzi, mpira wa mkojo haujatolewa, mfuko wake unaning'inia chini ya kitanda, na mmoja kati ya wale watu kumi na wanne alikuwa ameshaupiga kwa kiatu mara mbili. Kumi na wanne, niliwahesabu. Sikuwa na kazi nyingine, maana mwanangu alikuwa upande wa pili wa chumba, mikononi mwa mtu nisiyemjua hata jina.

Wote walikuja kwa mapenzi. Nasema hivyo mapema kwa sababu hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Kila mmoja alibeba kitu: machungwa, sabuni, doti ya khanga, uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. Na kila mmoja aliamini lile tulilolelewa nalo, kwamba mzazi huonwa hospitalini, mapema na kwa wingi. Kwamba asiyekwenda hana utu, na anayeomba watu wasije ana maringo au ameiga uzungu. Naipinga imani hiyo. Inamtesa mama, inamnyima mtoto ziwa, na tena si mila yetu.

Upasuaji wa kupangiwa tarehe umeizidishia nguvu. Uchungu wa kawaida hauna ratiba. Unakuja usiku wa manane, watu wanapata habari mambo yameshakwisha. Lakini mwanamke aliyeambiwa na daktari kwamba atapasuliwa Alhamisi, kwa kuwa ana mshono wa zamani, au mtoto amekaa vibaya, au kondo limeziba njia, taarifa yake inasambaa kama kadi ya harusi. Tarehe inawekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Shangazi anaomba ruhusa kazini. Watu wa Morogoro wanakata tiketi za basi. Mzazi hajarudishwa wodini, getini wameshajaa. Ratiba ya kuona wagonjwa imebandikwa ukutani, watu wawili kwa mgonjwa mmoja, na kila mwenyeji wa pale anajua ni mlinzi yupi wa kuzungumza naye.

Juu ya hayo kuna kauli inayonichoma kuliko zote, nayo husemwa mbele ya mzazi mwenyewe: "Wewe umepumzika, hukusukuma." Kwamba amekwenda kwa miguu yake, akachomwa sindano ya ganzi mgongoni, akatolewa mtoto, basi mambo shwari. Kisu hupita kwenye ngozi, kwenye mafuta, kwenye utando mgumu unaoshika misuli, kwenye utando laini wa ndani ya tumbo, ndipo kiufikie mji wa mimba na kuufungua nao. Halafu vinashonwa. Baada ya hapo kukohoa ni adhabu, na kucheka ni adhabu. Unajifunza kukumbatia mto tumboni kabla ya kupiga chafya. Mjomba yuleyule aliyekalia kitanda changu alipofanyiwa upasuaji wa ngiri, ukoo mzima tuliambiwa tusimsumbue mpaka siku ya tatu. Mzee anapumzika, tukaambiwa, na tukaheshimu. Mimi nilikuwa na jeraha kubwa kuliko lake, na juu yake mtoto wa kunyonyesha.

Saa zile za mwanzo zina kazi yake. Muuguzi anatakiwa kurudi kitandani mara kwa mara, apime presha, abonyeze tumbo aone kama mji wa mimba umekaza, afunue khanga atazame pedi imelowa kiasi gani. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi duniani, na hatari yake kubwa imo ndani ya saa 24 za kwanza. Sasa fikiria muuguzi mmoja mwenye wodi nzima ya kuangalia. Anafika anakuta kitanda kimezungukwa na wakwe. Anaomba wampishe. Wanatoka mmoja mmoja, mwingine anarudi kuchukua kikapu, mwingine anasema yeye ni mama mkubwa na hakuna asichokijua. Muuguzi anatazama saa, anasema nitarudi. Siku ile, kwangu, alirudi jua limekwisha kuzama. Nilikuwa salama. Lakini hakuna mtu chumbani mle, mimi nikiwemo, aliyekuwa na njia ya kulijua hilo katika muda ule wote.

Kisha kuna suala la ziwa. Mtoto mchanga anahitaji kunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku, mchana na usiku. Maziwa ya mama aliyepasuliwa huweza kuchelewa kushuka, na kinachoyaita ni mtoto mwenyewe kuwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, tena na tena, apate angalau dang'a, yale maziwa machache mazito ya njano yanayomkinga na maradhi. Baba mkwe wangu ni mtu mwema. Aliketi kwenye kiti pekee kilichokuwapo, fimbo katikati ya magoti, akakaa saa nzima na dakika arobaini akisimulia habari za shamba. Mimi na yeye, kwa mila tulizolelewa, hatupiti mlango mmoja bila mmoja kumpisha mwenzake. Ningefunua titi vipi? Ningemwambia atoke kwa mdomo gani? Mtoto akalia, akabembelezwa, akapita mikono mitano, akalia tena, safari hii kwa sauti nyembamba. Ndipo shangazi mmoja akatangaza kwamba maziwa yangu hayajatoka na mtoto apewe maji ya glukosi. Akapewa, kwa kijiko, siku yake ya kwanza duniani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwomba mzee mmoja akapunge upepo nje.

Na mikono yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenzake waliotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikaporomoka. Hao walikuwa madaktari. Sisi tunatoka kushika bomba la daladala na kuhesabu chenji ya nauli, kisha tunambusu mdomoni mtoto wa saa saba. Mafua ambayo mtu mzima anayamaliza kwa tangawizi, kifua cha mtoto wa umri huo hakiyawezi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya wazazi Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Hiyo ni kazi kubwa, na waliofanya wanastahili heshima. Lakini watoto wanaokufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja walikuwa 25 kwa kila 1,000, wakawa 24. Hapo hatujasogea. Wengi huondoka kwa kuzaliwa njiti, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwa maambukizi. Mawili ya kwanza tuwaachie wataalamu. La tatu, sehemu yake moja iko viganjani mwetu.

Nimezungumza kana kwamba nilikuwa peke yangu mle ndani. Sikuwa. Kitanda cha jirani alilala binti, sidhani kama alifika miaka ishirini na miwili. Naye alipasuliwa, ila kwa dharura, na mtoto wake alikuwa chumba cha watoto njiti. Hakuna aliyekuja kumwona jioni ile isipokuwa mama mmoja wa makamo aliyemletea ndoo ya maji ya kuoga. Ukoo wangu ulipoingia, mawifi walipiga vigelegele. Vigelegele vya nguvu, vya harusini. Yule binti alijigeuza polepole, kwa namna anavyojigeuza mtu mwenye mshono, akatazama ukuta. Alibaki hivyo mpaka wote walipoondoka. Usiku tukiwa wawili tu macho nilimwomba radhi. Akanijibu, "Usijali dada, ndugu zako wana furaha." Nimeshasahau mengi ya juma lile, lakini mgongo wa yule binti sijausahau.

Wanaosema kuzuia wageni ni uzungu, nawauliza walilelewa wapi. Bibi yangu alizaliwa Pangani na alizaa watoto tisa. Alikuwa akitusimulia kwamba mzazi huwekwa ndani siku arobaini. Alikandwa na somo yake, alifukizwa, alipikiwa, na wanaume wakaishia barazani kwa kahawa na kuulizia hali. Mtoto hakuzungushwa. Hata jirani wa kike hakuingia chumbani mpaka aitwe. Uchagani mzazi alikaa ndani miezi mitatu akilishwa nyama, maziwa na mtori, na kazi yake ilikuwa moja tu, kunyonyesha na kurudisha mwili. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walijua mwili uliotoka kuzaa uko wazi na unahitaji kufungwa mlango. Mkusanyiko wa wodini siku ya kwanza haumo katika mila hizo. Umezaliwa na basi la haraka, simu ya mkononi na hamu ya kuwa wa kwanza kurusha picha. Tukitaka kushika mila, tuishike arobaini. Na msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone, unaotajwa kila mtu anapotaka kufungua mlango wa mwenzake, unamdai mgeni kitu: huyo mwenyeji apone.

Simaanishi mzazi aachwe mwenyewe. Hospitali zetu haziendeshwi hivyo. Bila ndugu huogi, hufuliwi, huli chakula cha kukurudishia nguvu, na dawa ikikosekana dirishani hakuna wa kukimbilia duka la nje. Msaidizi mmoja aliyechaguliwa na mzazi mwenyewe, mama yake au dada yake au shoga yake, ni sehemu ya matibabu. Mama yangu ndiye aliyenisimamisha mara ya kwanza kesho yake asubuhi, akashika mkono mmoja nami nikashika ukuta, na damu iliposhuka miguuni akaipangusa kwa khanga yake bila neno. Hilo huwezi kufanyiwa mbele ya mawifi sita. Msaidizi anafua. Mgeni anakaa, na ukimtazama sana anataka soda.

Na anayetaka kusaidia hana haja ya kufika wodini: bahasha ya hongera, inayohitajika kweli, inafika kwa simu ndani ya dakika moja, tena mapema kabla ya kulipia dawa.

Anayetakiwa kuyasema haya ni mume, na hapa ndipo ninapowadai wanaume wetu. Ndiye aliyeweka tarehe kwenye kundi la ukoo. Ndiye mwenye mdomo wa kusema na baba yake. Badala yake tunamwachia muuguzi awafukuze watu aonekane mkali, au tunamsingizia daktari, au mke mwenyewe anajikaza na kutabasamu, kwa sababu akisema neno ataitwa mke mkorofi mpaka mtoto huyo aoe. Wangu alisimama kando ya dirisha siku ile akigawa soda. Tulizungumza baadaye, tukazungumza sana, na alinielewa. Ila wakati wa kuelewa ulikuwa kabla ya Alhamisi ile.

Juma hili ni zamu ya mdogo wangu. Ana mshono wa zamani, amepangiwa keshokutwa asubuhi. Shemeji yangu alikuja nyumbani leo jioni, tukakaa ukumbini, akampigia baba yake simu mbele yangu. Nilisikia kila neno. "Shikamoo baba. Keshokutwa ndiyo siku yenyewe. Wodini atakaa naye mama yake tu. Wakitoka salama, Jumatatu nitakuja mwenyewe kukuchukua uje nyumbani umwone mjukuu." Upande wa pili ukanyamaza kwa muda. Shemeji akanitazama. Kisha mzee akasema marahaba, na akauliza kama jina limeshachaguliwa.

Mimi mwenyewe nilitamani niwepo. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, na nyumba yangu na hospitali ile ni mwendo wa nusu saa. Nimenunua ndizi za mtori leo sokoni, mchare zilizokomaa, na nyama ya mifupa. Keshokutwa nitaamka saa kumi alfajiri nimenye. Mama ataupitia akiwa njiani, nimeshamwekea tayari hotpoti ile ya bluu, kubwa, ili ukibaki ampe na aliye kitanda cha jirani.