Maua ya Bondeni Yalilala, Kijana wa Bustani Akatimuliwa: Staa Anadaiwa Samahani

Kuna staa mmoja wa kike hapa Dar, jina liwekwe pembeni. Ukiambiwa ni mwigizaji mwenye mjengo Mbezi Beach utaotea watu kumi na wote utakosa, kwa hiyo usijisumbue.

Sasa huyu mdada alienda Bondeni, Cape Town, kula bata la birthday yake. Ilikuwa mwezi wa 9, wakati ambao kule maua ndio yanafumuka. Akakutana na frizia: nyeupe, njano, zambarau, halafu harufu yake tamu hatari. Akapiga picha mia na kidogo, akarudi mjini na wazo moja tu. Na yeye lazima awe nazo kwake.

Mwezi wa 3 vitunguu vyake vikafika. Ndio, vitunguu. Maua haya hayapandwi kwa mbegu tu, yana kitunguu chake kinachofukiwa ardhini. Vyungu kumi na mbili vikapangwa barazani, kijana wa bustani, mtoto wa Lushoto, akapewa amri: maji kila siku asubuhi na jioni.

Majani yakatoka vizuri tu. Maua, hakuna. Kufika mwezi wa 10 majani yakaanza kuwa ya njano, kisha yakakauka yote. Kijana akasema kwa adabu, "Madam, hivi nahisi vinalala, tupunguze maji." Akajibiwa kwamba ua halilali, anayelala ni yeye.

Siku mbili baadaye video ikapanda Insta. Kijana amesimama mbele ya vyungu vitupu, sura yake inaonekana wazi, staa anacheka nyuma ya kamera: "Huyu ndiye nayemlipa, ona alichoniotesha." Wafuasi wakamshukia. Mvivu, mshamba, wengine wakasema ameviuza. Jioni hiyohiyo akafungashiwa virago, mshahara wa mwezi ule hakupewa.

Hapa ndipo stori inapotakiwa kusimama kidogo, maana kijana alikuwa sahihi asilimia mia.

Frizia ni mzaliwa wa upande wa Cape, na kule mvua inanyesha wakati wa baridi, kuanzia kama mwezi wa 5 mpaka wa 8. Ndio muda wake wa kuota na kuchanua. Ikifika mwezi wa 12 mpaka wa 2 ni jua kali na ukavu. Ua halina ujanja wa kukimbia, linarudisha chakula chake chote kwenye kitunguu, linaacha majani yakauke, linalala chini ya udongo mpaka baridi irudi. Chungu kinaonekana kitupu kumbe mwenye nyumba yumo ndani.

Ukimwagia maji kila siku wakati amelala, unamwozesha. Na hata kabla ya hapo, frizia inahitaji udongo wenye ubaridi ndio ifunge maua. Joto la Dar unalijua mwenyewe. Kwa hiyo kilichokosesha maua ni hali ya hewa na ile amri ya maji. Mikono ya kijana haikuwa na kosa.

Tena kulala kwa frizia ni cha mtoto. Huko huko Cape kuna lili moja ya porini ambayo inaweza kukaa miaka bila kutoa ua hata moja, inasubiri moto upite. Kichaka kikishaungua, ndani ya wiki chache jivu linatoka ua jekundu. Je, huyo angekuwa kwenye chungu cha staa, si wangefukuzwa vijana wa bustani saba?

Na sio kwamba maua ya Bondeni hayafai huku. Ni kuchagua tu. Yapo yanayotoka upande wa mashariki wa nchi ile, KwaZulu-Natal na Eastern Cape, ambako mvua inapiga hata wakati wa joto. Agapanthasi, lile la bluu lenye kichwa cha duara, limejaa kwenye bustani za Nairobi na Arusha. Klivia, la rangi ya chungwa, kwao ni chini ya miti msituni, hivyo linapenda kivuli. Ila watoto na mbwa wasilitafune, lina sumu.

Halafu kuna hili la kuchekesha. Lipo ua moja la kitunguu, jekundu, la duara kama mpira wenye miba laini, linaota porini Bondeni na linaota porini hapa hapa Tanzania. Kiangazi huoni kitu. Mvua za kwanza zikigonga tu, linachomoza lenyewe. Bibi yeyote wa kijijini ameshaliona, na hajawahi kumfokea mtu kwamba limepotea. Staa angemsikiliza kijana wa Lushoto asingehitaji hata kupanda ndege.

Sasa watetezi wake wanasema ni bosi, pesa yake, nyumba yake, ana haki ya kumwachisha kazi mtu asiyemridhisha. Sawa. Bosi anaweza kuamua nani afanye kazi kwake. Lakini haki ya kuachisha kazi haimpi mtu ruhusa ya kumwanika mwenzake mbele ya watu laki kadhaa kwa kosa ambalo hakufanya, wala ya kukalia mshahara aliokwisha kuufanyia kazi.

Na kibaya zaidi, mdau mmoja alimweleza ukweli kwenye komenti, akasema vitunguu vimelala, vitolewe kwenye maji. Alichofanya staa ni kufuta video kimya kimya. Basi. Hakuna samahani, hakuna simu, hakuna hela. Lakini video ilishadakwa na kurasa nyingine, na kijana huko aliko bado ni "yule mvivu wa vyungu". Akienda kuomba kazi geti lingine, atajitambulishaje?

Matusi yalitolewa hadharani, samahani nayo itolewe hadharani. Ukurasa uleule, sura ileile, sauti ileile iliyocheka. Amlipe mwezi wake, aseme "kijana alijua, mimi sikujua". Maneno manne hayawezi kumshushia mtu ustaa. Mastaa wangapi wametafuta kiki kwa mambo ya ovyo? Hii ingekuwa kiki ya maana.

Na kwa wote wenye vyungu vitupu barazani: kabla ya kumwaga udongo, chimba kidogo kwa kidole. Ukikuta kitunguu kigumu, kiko hai. Kiache pakavu kipumzike. Na mwenye kukimwagilia, kama anakwambia kimelala, msikilize.

Wewe unaonaje, staa aombe radhi au yaishe kimya kimya? Funguka hapo chini, matusi hapana.